Niliulizwa Betri Nyingine, Nikasema Sina

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na visingizio nitavimaliza vyote na kosa litabaki palepale. Nilikuwa na betri ya kamera. Nzima, imejaa chaji. Kaka yangu akaniuliza mbele ya watu kama ninayo nyingine, nikasema sina. Hilo ndilo nililofanya. Mengine yote mtakayosoma hapa yametoka kwenye neno hilo moja.

Usinihurumie! Kama unatafuta mtu wa kumhurumia, subiri, atakuja. Si mimi.

Mimi ni mwanamke mtu mzima, napiga picha za shughuli. Harusi, maulidi, sendofu, hata msibani nikiitwa naenda. Nimepanga Korogwe mjini, lakini kwetu ni Misima, Handeni. Baba yangu alikuwa na wake wawili, na mama yangu ndiye mke mdogo. Kwa mama mkubwa kuna kaka yangu, nitamwita Bakari ingawa si jina lake, asije akasema nimemtangaza. Naye ni mpiga picha, anaishi Handeni mjini.

Mimi na Bakari hatujawahi kupendana, tangu utotoni. Nyumba ya mama ilikuwa nyuma ya nyumba yao, basi yeye akawa ananiita "mtoto wa uani", na mimi namjibu kwa meno. Mkononi ana kovu langu mpaka leo.

Sasa sikia alichofanya baba. Aliuza ng'ombe akanunua kamera moja ya maana, ya picha na video, imekuja na betri mbili na chaja yake. Akatuita wote wawili. Kamera akampa Bakari. Mimi akanipa betri na chaja!

"Baba, hii ndiyo nini?" nikamuuliza.

"Ndiyo kazi yenu."

"Mimi nitapiga picha kwa chaja?"

"Utamtafuta kaka yako. Na yeye hawezi kuiwasha bila wewe, atakutafuta. Nataka mtafutane."

Kamera Handeni, betri Korogwe! Niliona nimedharauliwa mbele ya nyumba zote mbili. Mtoto wa kwanza wa nyumba ndogo anapewa kulinda vidude vinavyotosha kiganjani, mwenzake anatembea na kamera shingoni kama mheshimiwa! Bakari alicheka. Nakumbuka alivyocheka, na nilimwekea kinyongo.

Basi nikazilea zile betri kama mama wa kambo mwenye roho mbaya. Na sikuwa mjinga wa kazi, jamani, hilo ndilo linaloniumiza. Betri za kamera si ngumu kuzitunza. Unachaji, taa ikigeuka kijani unachomoa. Huziachi zikakauka kabisa. Kama huna kazi kwa muda, unaziacha na chaji nusu, mahali pakavu pasipo joto. Unafuta vile vyuma vyake kwa kitambaa. Ikianza kuvimba tumbo unaachana nayo, maana inaweza kuwaka. Yote hayo niliyajua, na sikuyafanya.

Nilikuwa nikitoka kwenye shughuli nazitupa kwenye droo zikiwa zimekauka, zinalala humo mpaka Bakari apige simu. Chaja ilipokatika waya nilinunua ya mchina ya bei ya chini, inachemka mpaka huwezi kuishika. Mara nyingine niliziacha kwenye chaja siku nzima. Zilianza kuchoka. Nikasema ziendelee kuchoka, si zangu peke yangu.

Huku nyuma nikajinunulia betri yangu ya tatu. Kwa siri! Jirani yangu mmoja ana studio, na kamera yake ni aina ileile, basi ikawa ananiazima bila betri, napiga kazi zangu mwenyewe bila Bakari kujua. Hiyo betri ya tatu sasa, ungeona nilivyoipenda. Ina kifuko chake. Ina kifuniko chake cha plastiki. Nilitembea nayo kwenye mkoba pamoja na poda yangu na tasbihi. Haikuwahi kulala njaa.

Tuligombana vibaya kwenye harusi moja kule Kwedizinga. Bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa ndani, vigelegele vimeanza, kamera ikazima. Bakari akabadilisha betri, na ile nyingine nayo ikawaka na kufa. Alinifuata nyuma ya turubai, macho mekundu.

"Hizi betri unazilisha nini wewe?"

"Kamera yako ndiyo inanyonya betri. Ipeleke kwa fundi."

"Acha kunizingua! Zimevimba hizi, shika uone."

"Wewe ndiye umevimba. Mimi nimezichaji."

Sikuwa nimezichaji vizuri. Lakini lile neno langu la kamera kunyonya betri nililipenda, nikalisambaza. Nilimwambia mama, nikamwambia shangazi, nikawaambia wapishi wa harusi. Kila mtu akajua kamera ya Bakari inanyonya betri.

Baadaye baba akatuita Misima. Alikuwa ameanza kuchoka, mkono mmoja unatetemeka. Alisema anataka kupita mipaka ya mashamba yake akiwa na akili zake, aseme kipi ni cha nyumba kubwa na kipi cha nyumba ndogo, mbele ya wazee na watoto wote, na kamera ya nyumba zote mbili ichukue kila neno.

Ninajua unachotaka kuuliza. Simu zilikuwa wapi? Baba alizikataa! Alisema kila mwenye simu atachukua kipande anachokipenda na kesho kitakuwa kwenye magrupu. Simu zote zilikusanywa kwenye ungo, zikafungiwa chumbani kwa baba. Alitaka video moja, ya kamera moja, isiyo ya mtu mmoja. Mzee wa watu alifikiria kila kitu isipokuwa mimi.

Siku moja kabla, Bakari akanitumia ujumbe: "Kumbuka betri." Maneno mawili tu, na nikanuna kutwa. Ananikumbusha kama mtoto! Nikasema nitachaji jioni nikipenda. Jioni umeme ukakatika na haukurudi mpaka naondoka asubuhi. Betri mbili za baba zikaenda Misima zimekauka. Ya tatu ilikuwa imejaa tangu juzi, kwa sababu kesho yake nilikuwa na harusi yangu ya siri kule Kerenge.

Nilifika mapema. Nikafanya jambo ambalo mtu aliyekulia Misima tu ndiye anaweza kulifanya bila kujicheka. Nikazianika. Kwetu, betri za redio zikichoka huanikwa. Bibi yangu alizipanga juu ya bati la jiko, zikipata jua redio inaongea tena mpaka taarifa ya habari inaisha. Nikajiambia betri ni betri. Nikaziweka juu ya bati la banda la mbuzi, jua la kiangazi, bati halishikiki, nikaenda kunywa chai.

Nikiwa nakunywa chai nikamwona baba na Bakari nyuma ya jiko. Wanaongea kwa sauti ya chini. Baba anasema, Bakari anaitikia kwa kichwa. Mwishowe Bakari akainama akaushika mkono wa baba kwa mikono miwili, akanyanyuka anatabasamu. Chai ikanishinda. Nikajua wameshamalizana, kwamba tunaitwa tu kushuhudia nyumba ndogo inavyovuliwa nguo.

Nikaenda kuteremsha betri. Moja ilikuwa imevimba kama andazi, haikuingia kabisa. Ya pili ilikuwa ya moto. Niliilazimisha kwa kidole gumba mpaka ikaingia, kamera ikawaka, ikaonyesha ina chaji kidogo. Bakari aliniangalia, lakini wazee walikuwa wanasubiri.

Tukaanza kutembea. Bakari na kamera, mimi nashika mwavuli, kioo cha kamera kisipigwe na jua. Mkoba wangu nikampa mama anibebee.

"Mkoba huu umetia mawe, mwanangu?" akanitania.

"Poda tu, mama."

Baba alianza na shamba la barabarani, kubwa, zuri, lori linafika mpaka kwenye mahindi. Akalitoa kwa nyumba kubwa. Mama mkubwa akapiga kigelegele. Tukapanda kilimani, penye changarawe na majani ya kuwasha. Baba akasimama kwenye jiwe, akasema kilimani pote ni kwa nyumba ndogo. Mama akasema alhamdulillah, sauti yake ndogo kabisa.

Likabaki la bondeni.

Nikuambie kuhusu bondeni. Ni pale maji hayakauki hata kiangazi. Mama amelima pale miaka yote niliyomjua. Nyanya, bamia, miwa kidogo pembeni, maharage. Mimi nimesoma kwa nyanya za bondeni. Mama hana kitu kingine duniani anachokiita changu, anasema "bondeni kwangu" kama wengine wanavyosema nyumbani kwangu.

Baba akageukia kamera, akasema, "Sasa twendeni bondeni." Na kamera ikazima.

Bakari akabonyeza, haikuwaka. Akaitoa betri, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akairudisha. Wapi! Akanigeukia.

"Unayo nyingine?"

Mama alikuwa amesimama pembeni yangu. Kwenye mkoba kulikuwa na betri iliyojaa, kwenye kifuko chake. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono. Lakini nikaliona lile tabasamu la nyuma ya jiko. Nikasema moyoni, wametupa changarawe, wamechukua barabarani, sasa wanataka baba atamke kwa mdomo wake kwamba bondeni nalo ni lao, na ibaki kwenye video milele. Hapana. Si kwa betri yangu!

"Sina," nikasema. Halafu nikaongeza kwa sauti ili wazee wasikie, "Si nilisema kamera yake inanyonya betri? Jamani, si niliwaambia?"

Wazee wakaguna. Mama mkubwa akamtazama mwanawe kwa aibu. Bakari alisimama na kamera imekufa mikononi, akanikazia macho.

Mzee mmoja akasema, "Basi tusikie tu kwa masikio, tupo wengi." Baba akakataa. Alikuwa mkaidi yule, mimi nimeutoa wapi ukaidi? Akasema, "Nimeanza na kamera, nitamaliza na kamera. Nikisema hivihivi, kesho kila mmoja atakuwa na maneno yake. Mkipata betri nzima nirudieni."

Niliteremka kilimani nina furaha! Ndiyo, furaha. Kesho yake nikapiga harusi ya Kerenge mpaka jioni, na betri haikunisumbua hata kidogo.

Baba alipiga simu mara nyingi. "Mwanangu, betri vipi?" Natafuta, baba. "Betri zimepatikana?" Zimeagizwa Tanga, baba. Ninamwambia hivyo huku betri iko mbele yangu mezani, taa ya chaja ya kijani. Nilitaka apoe, abadili mawazo, amsahau Bakari na ule mkono alioushika. Nilijiona mjanja.

Kisha akapigwa kiharusi shambani. Alilala kitandani akitutazama bila kuweza kusema neno, akafa hivyo. Kila nilipoingia chumbani alikuwa anatazama mikono yangu. Labda alikuwa anatazama tu. Lakini mimi nilijua anatafuta nini.

Arobaini ilipokwisha kikafanyika kikao cha ukoo. Wakawasha video. Baba akatokea kwenye runinga, mzima, mkono unatetemeka, anatoa la barabarani, anatoa la kilimani. Watu wanalia. "Sasa twendeni bondeni." Giza.

Wakubwa wakajadiliana. Wakasema nyumba ndogo wameshapewa kilimani kwa kinywa cha marehemu, ushahidi huu hapa, hakuna wa kuubisha. La bondeni marehemu hakulitamka, na aliyelifyeka mwanzo kabisa ni mke mkubwa kabla mama yangu hajaolewa, basi lirudi kwake. Video niliyoikata mimi ndiyo iliyomnyang'anya mama yangu bondeni! Mama hakubishana. Aliuliza tu kama anaweza kuvuna nyanya zilizopo.

Nilimfuata Bakari nje nikiwaka. Nikamwambia umefurahi sasa, mwizi wewe, mlipanga na baba nyuma ya jiko, nilikuona.

Akasema taratibu, na ningependa angepiga kelele.

"Unajua aliniambia nini nyuma ya jiko? Aliniambia bondeni ni kwa mama mdogo. Alitaka nijue kabla, nisije nikamwaibisha mbele ya watu kwa kubisha. Nikamwambia sawa baba, ni haki yake. Nikamshika mkono."

Akaendelea.

"Hukujiuliza kwa nini alitupa sisi la barabarani? Alikuwa anagawa, siyo anakuibia."

"Sasa mbona hukusema kwenye kikao? Nenda kaseme!"

"Niseme kwa ushahidi gani? Nimnyang'anye mama yangu shamba kwa maneno niliyoambiwa peke yangu nyuma ya jiko? Baba alitaka kamera kwa sababu alijua mdomo wangu hautatosha." Akasogea karibu. "Halafu nikuulize, dada. Harusi ya Kerenge, kesho yake. Ulipigia betri gani? Uliichaji kwa mate?"

Alikuwa anajua! Watu wa Kerenge walikuwa wamemwonyesha picha, wakimsifia dada yake. Alijua tangu wiki ile, akanyamaza, akaniangalia nikimdanganya baba kwenye simu.

"Ulisimama mbele ya wazee ukasema kamera yangu inanyonya," akasema. "Basi mimi simwambii mtu. Hata mama mdogo simwambii. Ubebe mwenyewe." Akaivua kamera shingoni, akanitundikia mimi, akaondoka. Mpaka leo hatusalimiani.

Sasa ninayo kamera na betri. Nimepata nilichokililia tangu siku ile ya ng'ombe. Siwezi kuiwasha. Kazi nimeziacha karibu zote, nikiishika tu naisikia sauti ya baba kwenye simu inauliza betri.

Wiki iliyopita nilikwenda Misima. Nikamkuta mama kilimani, ameinama, anatoa mawe kwa mikono ili apande muhogo. Amezeeka ghafla. Bondeni kule chini kulikuwa kijani, mabinti wa nyumba kubwa wanachuma bamia wanaimba. Mama hakuwatazama. Nikamwamkia, nikakaa naye tukaokota mawe. Akafuta jasho akasema, hana hata hasira, "Lakini ile betri nayo! Ingevumilia kidogo tu. Hata kama angewapa wao, ningemsikia mwenyewe nikaridhika."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Sikusema zaidi. Ndiyo maana naungama kwenu na siyo kwake, kwa sababu mimi ni mwoga, na hilo nalo liandikeni.

Nyinyi mnaoshirikiana vyombo na watu msiowapenda, chajini betri. Wachajieni hao maadui zenu vizuri kuliko mnavyojichajia wenyewe. Msizitupe kwenye droo zikiwa zimekauka, msizianike juu ya bati kama za redio ya bibi, na ikivimba msiisukume kwa kidole mkitegemea itafika. Na mkimwona mtu ananong'onezwa na baba yenu, kamuulizeni amenong'onezwa nini.

Siku ile mama yangu aliniuliza kama nimetia mawe mkobani, kisha akapanda kile kilima. Alikuwa ameibeba ile betri nzima begani kwake. Alisimama nayo hapo hapo, anamtazama Bakari akiipuliza ile iliyokufa, anamwomba Mungu kimya kimya kamera iwake.

Ukiulizwa kama unayo nyingine, fungua mkoba.